Tuliogombana kwa ajili ya barakoa, je, tumekwisha kusameheana?

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), Mola wa viumbe vyote, aliyetupa uhai na afya tukaiona Ijumaa hii ya leo. Rehema na amani zimfikie kipenzi chetu Mtume Muhammad (SAW), jamaa zake, masahaba zake na kila afuataye mwenendo wake hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu yangu Muislamu, dada yangu katika imani, leo napenda tuzungumze juu ya kaa la moto lililofunikwa na majivu. Janga la korona limekwisha kuondoka vinywani mwetu. Barakoa zimetupwa, ndoo za maji zilizokuwa milangoni mwa misikiti zimerejea katika kazi za nyumbani, na alama za rangi zilizochorwa sakafuni ili kuwatenganisha maamuma zimefutika kwa nyayo. Lakini katika miji yetu midogo ya pwani ya Kenya, kuanzia Vanga hadi Lamu, wapo majirani ambao hadi leo hawatoleani salamu. Wapo waliohama msikiti waliolelewa ndani yake, wakawa wanapita mlangoni pake kwenda kuswali mbali. Ukiuliza chanzo, utaambiwa maneno mengi, na mwisho wake utakuta kipande cha kitambaa chenye nyuzi mbili za kutundika masikioni.

Swali ninaloliuliza leo si kama barakoa ilikuwa na faida au haikuwa nayo, ingawa hilo nalo tutaligusia. Ninauliza: tulisemezana vipi, na je, tumekwisha kuombana radhi?

Ijumaa hadi Ijumaa

Tukumbushane kidogo, kwani mwanadamu ni msahaulifu. Siku ya Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020, aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini Kenya. Tarehe 22 mwezi huo huo mikusanyiko ya ibada ikasimamishwa. Tarehe 27 ikaanza kafyu ya kutoka saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na siku hiyo hiyo katika kivuko cha Likoni, Mombasa, watu waliokuwa wakiharakisha kurudi makwao wakapigwa virungu na kurushiwa mabomu ya kutoa machozi. Mnamo tarehe 16 Aprili Mahakama Kuu iliamua kwamba nguvu za kupita kiasi zilizotumiwa na polisi katika kutekeleza kafyu zilikiuka Katiba. Lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia nyoyoni.

Mwezi huo huo wa Aprili kanuni zikachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Asiyevaa barakoa mahali pa umma angeweza kutozwa faini isiyozidi Sh20,000, au kufungwa kifungo kisichozidi miezi sita, au kupewa adhabu zote mbili. Kwa mchukuzi wa mizigo gatini au mama muuza mahamri, hizo si pesa za kuzitaja kwa urahisi. Ramadhani ikaingia, tukaswali tarawehe majumbani, na Idi ya mwezi Mei ikatupita pasi na kupeana mikono. Kuanzia tarehe 6 Mei mtaa wa Mji wa Kale, Mombasa, ulifungwa, watu wakazuiwa kuingia na kutoka. Wengi wakaogopa hata kupimwa, kwani kabla ya hapo waliopelekwa karantini walikuwa wakidaiwa gharama za kukaa humo. Tarehe 16 Mei mpaka wetu na Tanzania nao ukafungwa kwa wasafiri, na jamaa wa Vanga wakatenganishwa na jamaa zao wa upande wa Tanga.

Kisha, tarehe 6 Julai 2020, aliyekuwa Rais, Bw Uhuru Kenyatta, akatangaza kufunguliwa kwa nyumba za ibada kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, wasiingie watoto walio chini ya miaka 13 wala wazee waliozidi miaka 58. Madrasa zikabaki zimefungwa. Hatimaye, siku ya Ijumaa tarehe 11 Machi 2022, Bw Kagwe akatangaza kwamba kuvaa barakoa katika maeneo ya wazi si lazima tena, na nyumba za ibada zikaruhusiwa kujaza waumini kama zamani kwa sharti wawe wamechanjwa.

Kutoka Ijumaa ile ya kwanza hadi Ijumaa hii ya pili zilipita wiki 104. Kwa hesabu za serikali, zaidi ya watu 5,600 walifariki nchini kwa ugonjwa huu. Mwenyezi Mungu awarehemu. Wafu hao tuliwazika kwa namna tuliyoweza, lakini kuna mengine yaliyokufa baina yetu ambayo hatujayafanyia matanga wala dua.

Nilichokifanya mlangoni

Sitaki kuwanyooshea wengine kidole, basi nitaanza na nafsi yangu. Ijumaa moja ya mwezi Julai mwaka huo wa 2020 nilikuwa miongoni mwa vijana waliowekwa mlangoni mwa msikiti wa mtaa wetu. Mwenzangu alishika kipima joto, mimi nikashika daftari la kuhesabia watu mia moja. Kila mmoja alitakiwa aje na mswala wake, awe ametawadha nyumbani, na awe amevaa barakoa.

Akaja mzee mmoja ambaye tangu nipate akili nilimkuta akiswali safu ya kwanza, nyuma ya imamu. Ndiye aliyekuwa akitupa tende sisi watoto wakati wa kufuturu. Alikuja na kanzu yake iliyopigwa pasi, bakora mkononi, na ncha ya shali ameishika mdomoni. Umri wake ulizidi miaka 58 kwa mbali, na barakoa hakuwa nayo. Nami, badala ya kumwamkia, nikampaazia sauti mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni: “Mzee, hujasikia amri? Unataka kutuua wote humu?”

Hakunijibu kwa ukali. Alisema, “Sawa, mwanangu. Mwenyezi Mungu awape kheri.” Akainama, akavaa viatu vyake, akaondoka. Masharti yalipolegezwa, wenzake walirudi, yeye hakurudi. Alikuwa akienda msikiti mwingine, mwendo wa robo saa kwa miguu yake ile ya kizee. Mwaka uliofuata alifariki kwa maradhi mengine. Nilibeba jeneza lake, lakini radhi sikuwa nimemwomba.

Nimejipima mara nyingi. Kanuni ilikuwa upande wangu, na hata hoja ya afya ilikuwa upande wangu, kwani wazee ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi. Adabu ndiyo haikuwa upande wangu. Ningeweza kumwendea nyumbani kwake Alhamisi usiku, nikakaa chini, nikamwambia, “Ami, kesho tumeambiwa hivi na hivi, nasi tunakuhofia wewe kuliko tunavyojihofia sisi.” Naamini angenielewa. Na kama asingenielewa, walau asingefedheheka.

Hoja za kila upande

Ili tusameheane, ni lazima kwanza tukiri kwamba aliyekataa barakoa hakuwa kila mara mjinga au mkaidi, na aliyeisisitiza hakuwa kila mara mwoga au kibaraka wa serikali. Kila mmoja alikuwa na sababu zake.

Wapo waliokataa kwa hoja ya dini. Walikumbusha kwamba imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (RA), katika mkusanyiko wa Abu Dawud, kwamba Mtume (SAW) alikataza mtu kufunika mdomo wake ndani ya swala. Hoja hii si ya mzaha. Lakini wanazuoni wamelieleza katazo hilo kuwa ni la makuruhu, na katika kanuni za fiqhi jambo la makuruhu huondoka ukuruhu wake panapokuwa na haja. Vivyo hivyo kuhusu kuachanisha safu: asili ni kukaribiana bega kwa bega, na kilichoruhusu kuachana ni dharura. Ilipoondoka dharura, hukumu ikarudi pale pale ilipokuwa. Basi aliyekuwa na dukuduku alistahili kufafanuliwa, wala hakustahili kuchekwa.

Wapo waliokataa kwa sababu walichanganyikiwa. Kenya iliamrisha barakoa mwezi Aprili 2020, hali Shirika la Afya Duniani lilikuwa bado halijawashauri watu wote wazivae. Shirika hilo lilibadili ushauri wake tarehe 5 Juni. Mtu wa kawaida aliyesikia leo hivi na kesho vile, atalaumiwaje akiuliza? Tena jamaa zake wa ng’ambo ya mpaka walimpigia simu kumwambia kwamba Tanzania misikiti haijafungwa na watu wanaswali bega kwa bega. Na wapo ambao hawakuwa na hoja yoyote ila ufukara: nyumba ya watu wanane, barakoa moja, anayetoka ndiye anayeivaa.

Kwa upande wa pili, wapo waliosisitiza barakoa kwa sababu walikuwa na mgonjwa nyumbani. Mwenye mama mwenye kisukari au baba mwenye pumu hakuwa akiona kitambaa usoni pa jirani. Alikuwa akiona roho ya mzazi wake mikononi mwa mtu mwingine. Na dini ilikuwa pamoja naye. Mtume (SAW) alikataza kudhuru na kulipizana madhara. Alielekeza kwamba mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima. Alipopiga chafya alikuwa akifunika uso wake kwa mkono au kwa nguo yake na kuishusha sauti. Na aliyekula vitunguu saumu alimtaka ajitenge na msikiti, kwa kuwa harufu yake huwaudhi wenziwe. Ikiwa harufu tu imezingatiwa hivyo, je, maradhi yanayoweza kuua?

Isitoshe, neno lenyewe barakoa halikuwa geni kwetu. Mabibi zetu wa pwani, hasa wa majumba makubwa ya Lamu na Unguja, waliwahi kuvaa barakoa usoni kwa ajili ya heshima na sitara, na jina hilo lina asili ya Kiarabu. Kwa wazee wetu lilikuwa vazi la staha, nasi tukaligeuza kuwa sababu ya kuvunjiana staha.

Khitilafu ya masahaba

Enyi ndugu, sisi si wa kwanza kukhitilafiana juu ya maradhi ya kuambukiza. Sayyidna Umar bin Khattab (RA) alipokuwa njiani kuelekea Sham, alipofika mahali paitwapo Sargh alipata habari kwamba tauni imeingia katika nchi hiyo. Aliwaita Muhajirina wa mwanzo akawataka shauri, wakakhitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitilafiana vivyo hivyo. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao kwa kauli moja wakamshauri arudi na watu. Akatangaza kwamba asubuhi wanarejea.

Hapo Abu Ubaida bin Jarrah (RA), mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, akamuuliza iwapo anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Ndilo swali lile lile tulilolisikia mabarazani mwetu mwaka 2020. Umar (RA) alimjibu kwa hoja: kwamba anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu kuingia katika kadari yake nyingine, kama vile mchungaji anayechagua kuwapeleka ngamia wake upande wa bonde wenye majani na kuacha upande mkavu, na huku na huko yumo ndani ya kadari. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf (RA) na hadithi ya Mtume (SAW) kwamba watu wasiingie katika nchi yenye tauni, na walio ndani yake wasitoke kuikimbia. Umar akamhimidi Mola wake, akarudi.

Tuzingatie mambo mawili. La kwanza, khalifa mwenye amri na jeshi alishauriana na makundi matatu kabla ya kukata shauri. La pili, alipopingwa hadharani hakumtuhumu Abu Ubaida kuwa mpotofu, wala Abu Ubaida hakumtuhumu Umar kuwa dhaifu wa imani. Wanahadithi wanaeleza kwamba Umar alichukia kukhitilafiana naye, akatamani lau maneno yale yangetoka kwa mtu mwingine. Abu Ubaida alibaki na watu wake huko Sham, akafariki katika tauni ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria, hali wakiwa ndugu wapendanao. Je, sisi waliotutoka wakati ule, walitutoka tukiwa hivyo nao?

Siku nyingine ya Ijumaa yenye mvua na matope, Ibn Abbas (RA) alimwamuru mwadhini awatangazie watu waswali majumbani kwao. Watu walilishangaa jambo hilo. Yeye akawafahamisha kwamba aliyekuwa mbora kuliko yeye, yaani Mtume (SAW), alilifanya, na kwamba amechukia kuwatia watu katika uzito wa kutembea matopeni. Walishangaa, wakaelezwa, wakaelewa. Nasi tuliposhangaa, baadhi yetu tulikemewa pasi na kuelezwa.

Upole ndio ulioleta natija

Huenda msomaji akasema kwamba upole ni mzuri kwa mawaidha, lakini wakati wa maradhi hakuna muda wa kubembelezana. Jibu linatoka katika msikiti wa Mtume mwenyewe (SAW). Bedui mmoja aliingia humo akakojoa, masahaba wakamwinukia kwa hasira. Mtume (SAW) akawazuia, akamwacha amalize haja yake, akaamrisha ndoo ya maji imwagwe pale palipochafuka, na akawakumbusha masahaba zake kwamba wametumwa kurahisisha wala hawakutumwa kutia watu uzito. Uchafu uliondolewa na mtu akabaki. Mimi mlangoni niliondoa hatari nikamwondoa na mtu.

Na jibu la pili linatoka kwa ndugu zetu Waislamu wa Bangladesh. Huko, kuanzia Novemba 2020, watafiti walifanya uchunguzi mkubwa katika vijiji 600 vyenye watu wazima zaidi ya 340,000. Katika nusu ya vijiji hivyo barakoa ziligawiwa bure nyumbani, sokoni na misikitini, maimamu wakazungumzia jambo hilo siku ya Ijumaa, viongozi wakavaa wao kwanza, na watu maalumu wakawa wanawakumbusha wapitao kwa maneno ya adabu. Hapakuwa na faini wala kifungo katika mpango huo. Uvaaji ulipanda kutoka watu 13 katika kila 100 hadi watu 42, na kupeana nafasi baina ya watu nako kukaongezeka.

Matokeo yalichapishwa Desemba 2021. Katika vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali, ugonjwa wenye dalili uliothibitishwa kwa vipimo vya damu ulipungua kwa asilimia 11 hivi, na kwa wenye miaka 60 na zaidi ulipungua kwa asilimia 35. Kwa barakoa za kitambaa, faida haikudhihirika kwa uwazi kama huo. Kwa hiyo aliyesema barakoa hazifai kitu hakupatia, na aliyesema kila kitambaa ni ngao naye alizidisha. Lakini lililo kubwa kwetu ni hili: wazee ndio waliofaidika zaidi, na njia iliyotumika ilikuwa kupewa bure, kuonyeshwa mfano na kukumbushwa kwa upole.

Sisi wazee wetu tuliwapa amri. Ni misikiti mingapi iliyoweka sanduku la barakoa mlangoni ili asiye nayo apewe kimya kimya? Wapo waliofanya hivyo, na mafundi cherehani walioshona barakoa wakazigawa kama sadaka. Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini wapo pia waliompiga picha jirani aliye wazi uso wakaisambaza kwa simu, ili mtaa mzima umcheke. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11 na ya 12, kudharauliana, kuitana majina mabaya, kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana. Aya hizo hazikusimamishwa wakati wa janga. Na aya ya 6 ya sura hiyo hiyo inatuamuru tuchunguze habari kabla ya kuzifuata, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Waliovumisha kwamba fulani na watoto wake wameambukizwa, mpaka duka lake likakosa wateja, na waendee aya hiyo wajisome.

Haki ya mja haifutwi na wakati

Wanazuoni wetu wanatufundisha kwamba madhambi ni ya namna mbili. Yako yaliyo baina ya mja na Mola wake, na hayo toba ya kweli huyafuta. Na yako yaliyo baina ya mja na mja mwenziwe, na hayo hayafutiki mpaka mwenye haki arudishiwe haki yake au asamehe. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume (SAW) anamwelekeza aliyemdhulumu ndugu yake katika heshima yake au jambo lolote ajitoe katika dhuluma hiyo leo, kabla ya siku ambayo hapatakuwa na dinari wala dirhamu. Siku hiyo malipo yatatoka katika mema yake, na yakikosekana atabebeshwa maovu ya aliyemdhulumu. Heshima ndiyo niliyoigusa mlangoni siku ile, na sijui wewe uligusa nini.

Ametufundisha pia Mtume (SAW) kwamba si halali kwa Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu akageuka huku na huyu kule, na mbora wao ni yule anayeanza kutoa salamu. Na katika hadithi aliyoipokea Muslim, amali za watu huhudhurishwa kila Jumatatu na Alhamisi, akasamehewa kila asiyemshirikisha Mwenyezi Mungu, isipokuwa watu wawili wenye uhasama baina yao. Hao huachwa mpaka wapatane. Tangu mwaka 2020 zimepita Jumatatu ngapi na Alhamisi ngapi?

Tufanye nini sasa?

Kwanza, aliyehai aendewe. Usingoje harusi wala msiba uwakutanishe. Nenda kabla ya Magharibi, toa salamu, na useme kwa ufupi, “Wakati ule nilikukosea kwa maneno yangu, niwie radhi.” Usianze kueleza kwamba hoja yako ilikuwa sahihi. Huenda ilikuwa sahihi kweli, lakini hukwenda kwa ajili hiyo. Nawe unayeendewa, pokea. Ikiwa ulikataa barakoa ukamfanyia stihizai aliyekuwa akimhofia mamake, nawe una la kuomba.

Pili, aliyefariki aombewe. Wanazuoni wanatushauri tumwombee maghufira, tumtolee sadaka na tumtaje kwa wema pale tulipomtaja kwa ubaya. Mimi nimekwenda kwa watoto wa mzee yule. Mwanawe mkubwa alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, “Baba hakuwahi kulitaja jina lako nyumbani.” Sikujua kama hilo ni msamaha wake au ni sitara yake kwangu. Ninaendelea kumwombea.

Tatu, kamati za misikiti zikae sasa, wakati wa salama, zipange. Mabaharia wetu husema tanga hushonwa kabla ya dhoruba. Maradhi mengine yatakuja, kwani dunia haijaacha kuwa dunia. Likija janga jingine, nani atakwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na wazee kabla ya Ijumaa? Nani atamwuliza daktari wa mji na kumweleza imamu, ili mimbari iseme kauli moja iliyofanyiwa utafiti? Nani atasimama mlangoni? Ningeshauri asiwe kijana mwenye daftari peke yake. Awe pamoja na mtu mzima anayejua kumshika mwenziwe mkono akamkalisha kando. Na sanduku la barakoa lisikosekane, likiwekwa pahali ambapo mtu atachukua bila kuonekana. Aliyezuiwa kuingia naye asiachwe hivyo hivyo: apelekewe khutuba nyumbani, na ajuliwe hali.

Nne, wazazi tuwaambie watoto wetu ukweli. Watoto waliokuwa na miaka 7 au 8 wakati ule walituona tukifokeana. Na watuone pia tukiombana radhi, ili wajue kwamba Uislamu wetu unajua kurekebisha ulichokivunja. Mwenyezi Mungu ametuambia katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 10, kwamba waumini ni ndugu, na ametuamuru tupatanishe baina ya ndugu zetu ili turehemewe. Rehema hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiiomba katika kunuti zetu wakati wa janga, na mlango wake mmoja ni huu wa kupatana.

Leo ni Ijumaa. Utakapotoka nyumbani kwenda kuswali, tazama njia unayopita. Ikiwa unauzunguka msikiti fulani au unakwepa baraza fulani kwa sababu ya maneno ya mwaka 2020, leo pita pale pale, na utoe salamu wewe kwanza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (SW) awarehemu wote waliofariki kwa maradhi yale na kwa mengine, awaponye wagonjwa wetu, azisafishe nyoyo zetu kutokana na mifundo, atusamehe tuliyowakosea wazee wetu tukidhani tunawalinda, na atujaalie tuwe wenye kuonyana kwa hekima na kustahamiliana kwa subira. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.